Nani Anamfundisha Hazina? Kijana Asiye na Makao katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Macho ya Arua na Koboko

Utangulizi

Makala haya yalianza kama maelezo ya ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimekwenda Koboko kumkagua mwanafunzi wetu mmoja ambaye, baada ya saa za shule, alijitolea kufundisha Kiswahili jioni kwa vijana waliokuwa wakijifunza useremala na ushonaji. Wengi wao walikuwa wametoka sokoni na kwenye kituo cha mabasi, na huko ndiko walikokuwa wakilala kabla ya kupata nafasi ile. Mwalimu aliandika ubaoni kichwa cha insha ambacho sisi wenyewe wa idara tulikuwa tumempa katika maazimio ya kazi: "Nyumbani kwetu". Vijana wakainama, wakaandika. Mmoja wao, wa umri wa miaka kama kumi na saba, hakuandika. Alipoulizwa sababu alijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi niandike nyumbani kwa nani?" Darasa likacheka. Naye akacheka pamoja nao, kisha akafunga daftari.

Katika fomu ya ukaguzi niliandika kwamba somo lilikwenda vizuri ila mwanafunzi mmoja hakushiriki. Sentensi hiyo imenisumbua tangu siku ile. Kijana yule alishiriki kuliko wote, kwa sababu alituonyesha kwamba somo letu lina mlango, na mlango wenyewe hufunguka kwa mwenye kwao tu.

Niliporudi nilijiuliza: je, fasihi tunayofundisha ina nafasi ya kijana huyu? Katika makala haya nakusudia kujadili jinsi riwaya tatu zinazosomwa sana Afrika Mashariki zinavyomchora kijana asiye na makao, na hasa zinavyomvusha kutoka katika hali hiyo hadi kujitegemea. Riwaya zenyewe ni Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012) za Ken Walibora, na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Hoja yangu ni kwamba waandishi wetu wanajua sana kumpoteza kijana, na wanajua kumwokoa, lakini hupita mbio mahali pale ambapo kijana anajifunza kusimama. Mahali hapo pa katikati ndipo maisha ya vijana wa Arua na Koboko yalipo.

Majina tunayowapa

Tuanze na msamiati, maana sisi ni watu wa lugha. Mjini Arua vijana wa mitaani huitwa aguu, na jina hilo likitajwa sokoni mtu hushika mkoba wake. Kenya wameitwa chokoraa, neno linalonasibishwa na kitenzi kuchokora, yaani kufukuafukua, kama afanyavyo mtu kwenye jaa la takataka. Kiswahili sanifu kina istilahi ya adabu zaidi: watoto wa mitaani. Hata hii tuitazame vizuri. Kiunganishi -a- cha "wa mitaani" ni kile kile cha "watoto wa Fulani". Kwa hiyo tunasema, bila kukusudia, kwamba mtaa ndio uliowazaa. Ndiyo maana baadhi ya watu wanaoshughulika na suala hili husisitiza "watoto wanaoishi mitaani": kitenzi kinaonyesha hali, na hali huweza kubadilika.

Sasa tuyatazame majina ya mashirika yaliyowahi kuwahudumia vijana hawa katika nchi jirani. Nairobi kuna Undugu, iliyoanzishwa na Padri Arnold Grol mwaka 1973 kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwaelekeza madereva mahali pa kuegesha magari ili wapewe senti. Moshi palikuwa na Mkombozi. Mwanza, katika miaka ya 1990, palikuwa na Kuleana. Majina haya matatu ni somo zima la sarufi. Mkombozi ni nomino ya mtenda: yuko anayekomboa, na upande wa pili yuko anayekombolewa, ambaye kazi yake ni kungoja. Undugu ni nomino dhahania ya uhusiano. Kuleana ni kitenzi katika kauli ya kutendana: hakuna mlezi asiyelelewa. Naomba msomaji ayakumbuke majina haya tunapoingia katika riwaya, kwa sababu riwaya zetu nazo zina sarufi yao, na mara nyingi ni sarufi ya Mkombozi.

Urithi kama njia ya kutokea

Katika Siku Njema, Kongowea Mswahili anampoteza mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Anaonja mateso katika nyumba ya jamaa, kisha anaondoka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Njia inampeleka mpaka Kitale. Wanafunzi wetu huipenda sana riwaya hii, na wana haki: safari yake ina njaa ya kweli na hofu ya kweli. Hata hivyo, tukiuliza ni kitu gani kinachompa Kongowea ujasiri mbele ya watu asiowajua, jibu ni lugha. Yeye ni hodari wa Kiswahili na anajijua kuwa hodari. Umahiri huo aliupata shuleni kabla ya kuwa mtu wa njiani. Barabara inamjaribu, lakini si barabara inayomfundisha. Na mwisho wa safari umewekwa tangu mwanzo: kumpata baba.

Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani na Imani wanakutana wakiwa hawana kwao, wakaingia Sokomoko kutafuta kazi. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Imani anafanya kazi kwa Mwalimu Majisifu. Hapa pana jambo zuri ambalo halijasisitizwa vya kutosha katika miongozo tunayotumia: vijana hawa wawili wanaanza kwa kutegemeana wao kwa wao, kabla hajatokea mtu mzima yeyote wa kuwasaidia. Lakini Amani naye anafika Sokomoko akiwa tayari ni mwandishi. Mswada wake ndio ulioibwa. Na msuko unapofunguka, tunaambiwa kwamba ardhi ile ina historia na kwamba Amani ana haki ndani yake. Anarudishiwa alichokuwa nacho ukoo wake.

Kwa upande wa dhamira, mwandishi anashambulia unyang'anyi wa ardhi, na anafanya hivyo kwa nguvu. Lakini tujiulize swali la msomaji wa Koboko: je, kijana asiye na hati ya ardhi iliyofichwa mahali popote, asiye na baba tajiri upande wa pili wa mpaka, anatoka vipi? Katika riwaya hizi mbili kijana asiye na makao ni mrithi aliyepotezwa njia. Msomaji asiye mrithi anabaki kupiga makofi harusini kwa watu.

Hazina, na kurasa zisizoandikwa

Chozi la Heri inakwenda mbali zaidi, na ndiyo maana nimeichukua kama kiini cha uhakiki huu. Watoto wa Lunga wanabaki bila wazazi; Dick na Mwaliko wanaibwa na mtumishi wa nyumbani aitwaye Sauna; dada yao Umulkheri anajikuta peke yake mjini. Katika siku zake njema Umulkheri alikuwa amempa pesa mvulana wa mitaani aitwaye Hazina. Zamu yake ya kutangatanga ilipofika, ni Hazina anayemtambua na kumwonyesha njia. Wakati huo Hazina si ombaomba tena, anafanya kazi hotelini.

Hii ndiyo sarufi ya Kuleana ndani ya riwaya. Aliyesaidiwa anasaidia, na aliyekuwa na kwao anaongozwa na aliyekuwa hana. Ni muhimu pia kwamba Hazina anaukumbuka wema wa Umulkheri. Hapa naomba niongeze jambo la kwetu Uganda. Mwaka 2019 mamlaka ya jiji la Kampala ilipitisha sheria ndogo ya kuwalinda watoto, ambayo pamoja na mambo mengine inakataza kuwapa pesa watoto walioko barabarani. Sababu yake inaeleweka: wapo watu wazima wanaowatumia watoto kuomba, na pesa zinazotolewa dirishani mwa gari huishia mifukoni mwao. Chini ya sheria hiyo Umulkheri angekuwa na kosa. Darasani swali hili huzua mjadala mkali kuliko swali lolote la "taja sifa za Umulkheri", na nawashauri walimu walijaribu.

Lakini nirudi kwenye hoja. Baina ya Hazina anayeomba na Hazina anayehudumu hotelini kuna nini? Mwandishi anatupa maelezo machache tu, kwamba alipata mahali na akafunzwa. Kwa Dick ni vivyo hivyo. Anatumikishwa katika biashara ya dawa za kulevya, kisha anaiacha na kuanza shughuli yake mwenyewe. Kuacha na kuanza! Maneno hayo mawili, katika maisha, ni miaka. Nani alimfundisha Hazina kubeba sinia bila kumwaga? Mara ya kwanza alipovunja bilauri alikimbia au alibaki? Mshahara wa kwanza aliuficha wapi, mtu aliyezoea kulala akiwa amekumbatia viatu vyake asiibiwe? Dick alipata wapi mtaji, na nani alimwamini? Umulkheri naye anapata nyumba kwa kuchukuliwa na Mwangeka na Apondi. Ni mwisho wa kupendeza; ila kijana wa miaka kumi na saba aliyeko Arua hachukuliwi na mtu. Umri wake umempita.

Mwenzangu mmoja idarani aliposoma rasimu ya makala haya alinipinga. Alisema riwaya si kitabu cha mafunzo ya ufundi, na kwamba mwandishi ana haki ya kuruka miaka. Ni kweli. Lakini waandishi hawa hawaruki kila kitu. Mateso wanayaeleza kwa utuvu: tunajua jinsi Kongowea alivyonyanyaswa na jinsi watoto walivyoibwa. Kinachorukwa daima ni kujifunza. Uchaguzi huo una maana yake, nao ni kwamba mateso ni hadithi, na ufundi si hadithi. Mhakiki anapaswa kuuliza kama hilo ni kweli.

Katikati yenyewe, Arua na Koboko

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na Koboko, iliyokuwa wilaya mwaka 2005, ni miji ya mpakani. Koboko iko pale zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa wako katika nchi zote tatu. Watu wa huku wanakujua kukosa makao. Baada ya mwaka 1979 wengi walikimbilia Kongo na Sudan, na kitabu cha Barbara Harrell-Bond cha 1986 kuhusu misaada kwa wakimbizi kinawahusu Waganda hao waliokuwa eneo la Yei. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016 mkondo ukageuka: watu wa Yei wakaja kwetu, miongoni mwao watoto waliovuka bila wazazi. Mzee wa Koboko anayemfukuza kijana barazani mwa duka lake huenda yeye mwenyewe alilala kwenye baraza la watu ng'ambo.

Kijana anayebeba mizigo katika soko la Arua hujua mambo ambayo hayamo katika mtihani wetu. Anahesabu chenji kwa shilingi na kwa faranga za Kongo. Anapatana bei kwa Kilugbara, anamgeukia mfanyabiashara wa Ariwara kwa Kiswahili, na anamalizia kwa Kiarabu cha Juba. Methali yetu inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida tunaitumia kama onyo. Tuichukue siku moja kama ilivyo: ulimwengu umemfunza. Kilichobaki ni sisi kukubali kwamba alichofunzwa ni elimu. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake ndicho kile ambacho sehemu nyingine za Uganda wamekihusisha kwa muda mrefu na askari na wezi, na sisi walimu tukikisikia tunakunja uso kwa sababu ya ngeli. Kijana akikunjiwa uso kila afunguapo kinywa, ujasiri atautoa wapi? Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, lugha yake ya sokoni imekuwa mtaji. Hajaambiwa.

Zaidi ya lugha kuna makaratasi. Ili kupanga chumba, mwenye nyumba ataka barua ya mwenyekiti wa LC1. Ili kusajili laini ya simu, na kwa hiyo kupokea malipo kwa simu, kunatakiwa kitambulisho cha taifa. Fomu ya kitambulisho inauliza habari za baba na mama. Mpango wa Maendeleo wa Parishi uliozinduliwa mwaka 2022 unatoa shilingi milioni moja, lakini unaanzia kwenye kaya. Kila dirisha linarudia swali letu la insha: kwenu ni wapi? Kumfundisha kijana kusoma fomu, kumweleza ofisa hali yake bila kulia wala kutukana, na kumwambia mwenye nyumba mapema kwamba kodi itachelewa wiki moja, hayo yote ni masomo ya lugha. Sisi ndio wenye kazi hiyo.

Ufundi nao una hadithi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 iliweka utaratibu wa kumpima fundi kwa kazi ya mikono yake, hata asiye na cheti cha shule. Kijana aliyeshindwa kila mtihani wa kalamu anawekewa mbao, anaambiwa atengeneze. Hebu mwandishi atuandikie asubuhi hiyo! Na wako wanaokutana kila wiki katika vikundi vya kuweka na kukopa, utaratibu ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Fedha huwekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukabidhiwa watu watatu. Hakuna awezaye kufungua peke yake. Fikiria kijana ambaye jina lake mjini ni aguu, ambaye watu humshikia mikoba, siku anapokabidhiwa ufunguo mmoja kati ya ile mitatu. Pale pana tukio zito kuliko kumpata baba.

Neno "kujitegemea"

Jambo la mwisho ni neno lenyewe ambalo miradi yote huliandika katika malengo yake. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, neno hili limekuwa na heshima kubwa. Kiambishi -ji- kinamrudisha mtenda kwake mwenyewe, na hivyo ni rahisi kulielewa kama kuishi bila mtu. Methali isemayo mtegemea cha nduguye hufa maskini husaidia kulielewa hivyo. Lakini kijana wa mitaani hahitaji kufundishwa kuishi bila mtu; amekuwa akiishi hivyo tangu utotoni. Nyerere mwenyewe alilizungumzia taifa na shule kama jumuiya. Kitenzi kinachokosekana katika malengo ya miradi ni kutegemewa. Kijana husimama siku ile mtu mwingine anapoweka mzigo, ufunguo au mtoto mikononi mwake akiamini kwamba utakuwa salama. Hazina anatufundisha hilo: tunajua kwamba amesimama tunapomwona akiegemewa na Umulkheri.

Hitimisho

Sipendekezi kwamba tuache kusoma riwaya hizi. Mimi nitaendelea kuzifundisha. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tunapofika kwenye Hazina na Dick, tuwape wanafunzi kazi ya kuandika sura iliyorukwa: mwezi wa kwanza wa Hazina hotelini, au siku Dick alipotafuta mtaji. Pili, katika maswali yetu tuache kuwaweka vijana wa mitaani chini ya kichwa cha "uhalifu" peke yake. Tatu, tubadilishe vichwa vya insha vinavyodai kila mtoto awe na sebule.

Hili la tatu tumekwisha lianza. Wiki iliyofuata ukaguzi ule, mwanafunzi wetu alibadilisha kichwa kuwa "Kazi ninayoijua", akaniletea nakala. Kijana yule alikuwa ameandika karibu ukurasa mzima kuhusu namna ya kuchagua mbao isiyopinda: uishike ncha moja, ufumbe jicho moja, utazame kama atazamaye shimo la panya. Nilihesabu makosa kumi na moja ya upatanisho wa kisarufi. Nikayasahihisha yote, kwa sababu kusahihishwa ni haki yake kama mwanafunzi mwingine yeyote. Chini yake nikaandika swali moja, maana kwa hakika sikujua jibu: "Na ukiwa huna mwanga wa kutosha, unafanyaje?" Jibu lake nimelipata, na sasa hata mimi najua kununua mbao jioni.

Nakaribisha maoni ya walimu na wanafunzi katika toleo lijalo, hasa kutoka kwa wale wanaojua riwaya au tamthilia ya Kiswahili inayonipinga.